Jaribuni Mambo Yote: Hotuba juu ya Imani Inayopimwa na Inayopima

Ndugu wapendwa katika Kristo, wachungaji na wazee wa kanisa, mama zetu, baba zetu, nanyi vijana mliofika kwa wingi, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Nimeombwa niseme juu ya kupimwa kwa imani na juu ya karama ya kupambanua roho. Nitaanza na karatasi moja. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ibada ya jioni, ndugu mmoja alibaki nyuma hadi watu wote walipotoka, akaketi karibu nami kwa muda bila kusema neno, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa kwa kufunguliwa na kukunjwa tena, hata katikati, pale mikunjo ilipokutana, ilikuwa imeanza kutoboka. Humo alikuwa ameandika, kwa mkono wake mwenyewe, maneno ambayo mhubiri mmoja mgeni alimtamkia mbele ya mkutano: kwamba Bwana anamtaka aache kazi kabla mwezi haujaisha, atoe akiba yake yote kuwa mbegu, na kwamba akisita, mlango utafungwa na hautafunguliwa tena. Neno "akisita" alikuwa amelipigia mstari mara mbili. Aliniuliza swali moja tu: "Mchungaji, nikilipima neno hili, nitakuwa nimemkosea Mungu?"

Nakiri mbele yenu kwamba jibu langu la jioni ile lilikuwa jepesi. Nilimwambia aombe, nikamwekea mkono, nikaenda zangu kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Ndugu yule hakuwa amepungukiwa na maombi. Alikuwa ameomba kwa majuma mawili, na ndiyo sababu karatasi ile ilikuwa imechakaa. Alichokosa ni mtu wa kuketi naye na kulipima neno lile kwa utaratibu ambao Kanisa limeurithi tangu siku za mitume. Mengi ya nitakayoyasema leo ni yale niliyopaswa kumwambia jioni ile.

Swali lake lilikwisha kujibiwa zamani. Yohana, mtume tunayemkumbuka kwa kuandika juu ya upendo, ndiye aliyeandika pia, "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho, kwamba zimetokana na Mungu" (1 Yohana 4:1). Agizo hilo limefunguliwa kwa neno "wapenzi." Halikuandikwa kwa watu wenye mashaka waliosimama nje ya Kanisa wakitafuta dosari, liliandikwa kwa waamini, na lilikuwa sehemu ya malezi yao. Paulo naye, katika waraka unaohesabiwa kuwa miongoni mwa nyaraka zake za kwanza kabisa, aliyafunga maagizo matano katika fungu moja: "Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema, jitengeni na ubaya wa kila namna" (1 Wathesalonike 5:19-22). Tumezoea kuyagawana maagizo haya kana kwamba ni mali ya makundi mawili, wengine wakishika kutomzimisha Roho na kuogopa kupima, wengine wakishika kupima hadi wakautweza unabii wote. Paulo hakuweka hata nukta ya kupumzikia kati ya agizo na agizo. Anayepima kwa namna impasayo Mkristo anapima kwa sababu anaamini kwamba Roho husema, na kwamba sauti yake ni ya thamani mno kuchanganywa na sauti nyingine.

Yapo maneno yanayotumiwa kuwanyamazisha wanaotaka kupima, na kwa kuwa yametoka katika Biblia, yanastahili kujibiwa kwa Biblia. "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu" (Zaburi 105:15). Mkiisoma zaburi hiyo kutoka juu mtaona kwamba wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache waliotangatanga kutoka taifa hata taifa, na wanaokemewa ni wafalme waliokuwa na uwezo wa kuwadhuru. Ni neno la kumlinda mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Kulifanya ngao ya mwenye nguvu mbele ya swali la mnyonge ni kulipindua. Daudi alikataa kumwinulia Sauli mkono, kwa kuwa alikuwa masihi wa Bwana, lakini katika sura hiyo hiyo alitoka pangoni akamwita kwa sauti na kumwambia waziwazi kwamba anamtenda vibaya (1 Samweli 24). Na Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme na kutenda dhambi, Nathani alimwendea akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi hakumjibu kwamba amemgusa mpakwa mafuta. Alisema, "Nimemfanyia Bwana dhambi" (2 Samweli 12).

Sasa niseme kidogo juu ya neno lenyewe. Lugha yetu imetupa neno moja, jaribu, kwa mambo ambayo si mamoja. Fundi hujaribu chombo ili ajue kama kitahimili kazi. Adui humjaribu mtu ili aanguke. Kwa hiyo anayesoma katika Mwanzo 22 kwamba Mungu alimjaribu Ibrahimu, kisha akafika Yakobo 1:13 na kusoma kwamba Mungu hamjaribu mtu, huweza kudhani kwamba Maandiko yanapingana. Kiyunani cha Agano Jipya kina kitenzi, dokimazo, kilichotumika kwa kupima madini na sarafu, nacho ndicho kilichomo katika maagizo yale ya Yohana na Paulo. Kina pia kitenzi kingine, peirazo, ambacho hubeba mambo mawili kama neno letu, kikielekea upande huu au ule kwa kadiri ya nia ya mwenye kujaribu. Yakobo anakana nia ya kuangusha: Mungu hamvuti mtu kwenye uovu. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia nia ya kudhihirisha. Shida moja inaweza kubeba nia zote mbili kwa wakati mmoja, adui akiitumia kuangusha na Mungu akiitumia kudhihirisha, na hapo ndipo mwamini anapochoka, kwa sababu anachokihisi ni moto tu, wala hauoni mkono uliouwasha.

Petro anaifananisha imani na dhahabu ijaribiwayo kwa moto (1 Petro 1:7), na inafaa tuusogelee moto huo. Mafundi wa kale walichukua fedha au dhahabu iliyochanganyika na madini duni, wakaiyeyusha pamoja na risasi katika kikombe kidogo kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa. Hewa ilipopita juu ya kikombe kile chenye moto, risasi ilishikana nayo, ikaungana na madini duni, na kikombe kikavinywa vyote kama kitambaa kinavyonywa maji. Fundi alitazama uso wa kile kilichoyeyuka ukiwa na utando, utando ukipasuka, hadi lilipobaki tone moja linalong'aa. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064 za Selsiasi, na hata hapo haiungui. Moto haukuiongezea kitu. Uliondoa kisichokuwa dhahabu. Malaki anapomtaja Bwana kama msafishaji wa fedha anatumia neno ambalo limenifariji mara nyingi, kwamba "ataketi" (Malaki 3:3). Kazi ile haikumruhusu fundi kuwasha moto na kuondoka.

Lakini naomba msilichukue fungu hili na kulipeleka penye msiba kesho. Sisemi kwamba kila maumivu ni tanuru lililowashwa na Mungu kwa ajili ya somo ambalo mimi na wewe tunaweza kumsomea aliyeumia. Rafiki za Ayubu walisema hivyo kwa ufasaha mkubwa, na mwishowe Mungu alikasirika kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake (Ayubu 42:7).

Wakristo wa kale walikuwa na mfano mwingine waliouona kila siku sokoni, mfano wa mbadili fedha. Ulikuwapo usemi, usiomo katika Injili nne lakini ulionukuliwa na baba kadhaa wa Kanisa, kwamba tuwe wabadili fedha hodari. Yohana Kasiano, mtawa aliyeishi kati ya karne ya 4 na ya 5 na kuandika mazungumzo ya wazee wa jangwa la Misri, anamweka Abba Musa akiufafanua usemi huo. Mbadili fedha akipewa sarafu huangalia kwanza kama ni dhahabu kweli au ni shaba iliyong'arishwa. Kuna mafundisho ambayo ni shaba tangu mwanzo, na yana mng'ao wa maneno tu. Huangalia kama imetoka katika kiwanda halali cha mfalme. Haya mawili si magumu sana kwa mtu aliyelelewa vizuri katika imani. Ugumu uko katika mengine mawili. Huangalia sura iliyopigwa juu yake, kwa maana dhahabu inaweza kuwa safi kabisa na bado ikapigwa sura ya mnyang'anyi wa kiti cha enzi. Na huiweka kwenye mizani, kwa maana sarafu halali inaweza kuliwa na kutu, au kukwanguliwa kingo, hadi ikapungua uzito.

Abba Musa anatoa mfano wa dhahabu safi yenye sura ya uongo kutoka katika majaribu ya Bwana jangwani. Ibilisi alipomweka Yesu juu ya kinara cha hekalu alimnukulia Zaburi 91, na maneno aliyonukuu yalikuwa Maandiko kweli. Mkilinganisha Mathayo 4:6 na zaburi yenyewe mtaona kwamba kuna maneno yaliyoachwa. Zaburi inasema malaika wataagizwa "wakulinde katika njia zako zote," na hayo hayakutajwa. Njia za mwenye haki ni za kumtii Mungu, na kujirusha kutoka juu ya hekalu ili watu waone hakumo katika njia hizo. Bwana hakujibu kwamba zaburi si kweli. Alijibu, "Tena imeandikwa." Andiko moja, hata likiwa la kweli kiasi gani, likikatwa kutoka mahali pake na kutengwa na mengine, linaweza kupigwa sura yoyote. Kwa hiyo Waberoya walisifiwa si kwa sababu walimwamini Paulo upesi, bali kwa sababu walilipokea neno kwa moyo ulio tayari na bado "wakayachunguza maandiko kila siku" (Matendo 17:11). Kila siku, yaani hawakutafuta aya moja ya kushinda nayo hoja.

Ndugu yule alirudi baada ya siku nne, na safari hii niliketi naye. Tuliifungua karatasi juu ya meza tukauliza maswali ya mbadili fedha. Je, ni kweli kwamba Mungu huweza kumtaka mtu aache kazi na kutoa alivyo navyo? Ndiyo, Maandiko yana mifano, kuanzia Ibrahimu hadi wavuvi wa Galilaya. Tulipofika kwenye sura iliyopigwa, alinyamaza. Nilimwomba anitajie mahali ambapo Bwana Yesu alimwita mtu kwa kumtishia kwamba akifikiri atapoteza nafasi yake milele. Alitafakari, akasema, "Yeye husema watu wakae chini wahesabu gharama," akinikumbusha Luka 14:28 kabla sijaitaja. Kisha tukauliza juu ya uzito: neno hili likitimizwa, litamfaidi nani, na nani atabeba hasara yake? Akiba ile ilitakiwa ipelekwe mahali pamoja tu, kwa huyo huyo aliyelitamka neno. Watoto wake hawakutajwa popote kwenye karatasi.

Hilo la mwisho si swali langu jipya. Yapo maandishi madogo yaitwayo Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambayo wataalamu wengi huyaweka kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, na ambayo nakala yake ya Kiyunani iligunduliwa mwaka 1873. Yanawaagiza waamini wampokee mtume msafiri kama wanavyompokea Bwana, lakini akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka, achukue mkate wa kumfikisha pale atakapolala na si zaidi. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Mtu akisema katika roho, "Nipeni fedha," wasimsikilize, lakini akiomba kwa ajili ya wengine walio na shida, asihukumiwe. Yanasema pia kwamba si kila asemaye katika roho ni nabii, isipokuwa awe na mwenendo wa Bwana. Wakristo wa kwanza, ambao wengi wetu huwadhania kuwa walimeza kila ajabu, walikuwa na kanuni kali juu ya fedha na mwenendo kuliko mikutano yetu mingi ya leo. Wenzetu wa baadaye walizirithi. Mhubiri Jonathan Edwards alipoandika mwaka 1741 juu ya uamsho uliokuwa ukitikisa makanisa ya Marekani, alisema kwamba machozi, kelele na kuanguka kwa miili hakuthibitishi kwamba kazi ni ya Roho, wala hakukanushi. Akarudi kwenye 1 Yohana 4 na kuuliza kama Kristo anainuliwa, dhambi inachukiwa, Maandiko yanaheshimiwa, kweli inapendwa, na watu wanazidi kumpenda Mungu na wenzao.

Kati ya sura zote za Biblia zinazohusu upambanuzi, ninayoirudia zaidi ni Yeremia 28. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni, ishara kwamba mataifa yatatumika chini ya mfalme wa Babeli. Katika mwezi wa tano Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudishwa na mateka watarejea. Alifungua kwa maneno yale yale ya manabii wa kweli: "Bwana wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi." Na ujumbe wake ulikuwa na asili nzuri, kwa maana zaidi ya karne moja kabla yake Isaya alikuwa ameahidi kwamba Yerusalemu utaokolewa mkononi mwa Ashuru, na ikawa hivyo. Hanania aliichukua ahadi ya kweli ya kizazi kingine, akaipeleka kwa kizazi ambacho Mungu alikuwa akikiita kutubu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa mtazameni Yeremia. Hakumkemea papo hapo. Alisema, "Amina! Bwana na afanye hivi," kwa sababu kwa moyo wake wote alitamani iwe kweli, naye hakuona haya kuonyesha mbele ya watu kwamba tamaa yake iko upande wa yule anayemshuku. Akakumbusha kipimo cha kale, kwamba nabii atabiriye amani hujulikana neno lake litakapotimia. Hanania akaivunja nira ile shingoni pake, watu wote wakiona. Na Maandiko yanasema tu kwamba Yeremia akaenda zake. Hakuwa na neno, basi hakulitunga. Aliondoka hekaluni ameaibishwa, nira imevunjwa, wala hajui bado atajibu nini. Neno la Bwana lilimjia baadaye, kwamba badala ya nira ya mti itakuwako nira ya chuma, na kwamba Hanania hakutumwa. Hanania alikuwa ametoa miaka miwili. Alikufa katika mwezi wa saba wa mwaka ule ule.

Najua tunapenda mtumishi mwenye jibu la papo kwa papo. Lakini upambanuzi una haki ya kwenda nyumbani bila jibu, ukalala, ukaamka, ukangoja. Haraka haraka haina baraka, na neno lolote linalomlazimisha mtu aamue usiku huu kabla hajazungumza na mwenzi wake, wazee wake na dhamiri yake limekwisha kujishuhudia. Hata kutimia kwa ishara hakutoshi. Kumbukumbu la Torati 18 inasema neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana. Sura ya 13 inaongeza jambo gumu zaidi, kwamba hata ishara ikitimia, ikiwa inawapeleka watu kwa miungu mingine, wasimsikilize nabii huyo.

Liko pia jambo lisilozungumzwa sana, nalo ni kwamba ufunuo unaweza kuwa wa kweli na ushauri unaotolewa juu yake usiwe lazima. Kule Tiro wanafunzi walimwambia Paulo, kwa uweza wa Roho, asipande kwenda Yerusalemu. Kule Kaisaria, nyumbani kwa Filipo, nabii Agabo aliutwaa mshipi wa Paulo, akajifunga miguu na mikono, akasema kwamba mwenye mshipi huo atafungwa vivyo hivyo. Wote wakalia, wakamsihi asiende. Paulo hakusema kwamba Agabo ni mwongo. Alikubali kwamba vifungo vinamngoja, na bado akaenda, naye alifungwa kweli. Walioona vifungo waliona sawa. Upendo wao ndio uliohitimisha kwamba basi asiende. Wakamwacha wakisema, "Mapenzi ya Bwana yatendeke" (Matendo 21). Mtu akikuletea neno, msikilize, kisha utenge alichokiona na alichokitafsiri, na utenge tena na lile analotaka wewe ufanye. Mara nyingi ni vitu vitatu vilivyofungwa katika kitambaa kimoja.

Nimesema kirefu juu ya kuwapima wengine. Lakini Paulo aliwaandikia Wakorintho waliokuwa wakitaka uthibitisho kwamba Kristo husema ndani yake, akawageuzia shauri: "Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani; jithibitisheni wenyewe" (2 Wakorintho 13:5). Kikulacho ki nguoni mwako. Kasiano huyo huyo anasimulia juu ya mzee aitwaye Heroni, aliyekaa jangwani miaka 50 kwa kufunga na upweke mkali kuliko wenzake wote. Hata siku ya Pasaka hakuungana na ndugu mezani, asije akaonekana amelegea kwa kula kunde kidogo pamoja nao. Shetani alimjia kwa sura ya malaika wa nuru, akamshawishi ajitupe kisimani usiku kwa kuwa wema wake utamlinda asiumie. Ndugu walimtoa akiwa karibu kufa, na siku ya tatu akafa. Jambo linalonitisha ni kwamba katika siku zile, kifo kikiwa karibu, hawakuweza kumshawishi kwamba alidanganywa. Jaribu lake lilikuwa lile lile la kinara cha hekalu, naye hakuwa na mtu wa kumwambia "tena imeandikwa," kwa sababu alikuwa amekwisha kujitenga na kila meza ambayo maneno hayo yangeweza kusemwa.

Ndiyo sababu siamini upambanuzi wa mtu mmoja peke yake, hata awe mtumishi mkubwa. Mitume wenyewe walipokutana Yerusalemu waliandika, "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi" (Matendo 15:28), baada ya hoja nyingi, si kabla yake.

Na ziko nyakati ambazo mtu hapaswi kupima lolote kubwa. Ignatius wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga kule Pamplona mwaka 1521, alilala kitandani akiota mchana kweupe, mara kuhusu sifa za kijeshi, mara kuhusu kuishi kama watakatifu. Ndoto zote zilimfurahisha zilipodumu. Baadaye alitambua kwamba zile za kwanza zikipita humwacha mkavu, na zile za pili humwacha na furaha. Kutokana na kuchunguza huko alikuja kufundisha kwamba wakati wa ukavu na giza la rohoni mtu asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa na nuru. Nimewaona watu wakiacha ndoa, wito na Kanisa katika juma moja la giza.

Ndugu yule hakuacha kazi. Mwezi uliisha. Mngedhani habari iliishia hapo, lakini kwa muda mrefu baadaye, tulipokutana, alikuwa akiniuliza kwa sauti ya chini kama mlango umefungwa. Alikuwa amelipima neno, na huku imani yake mwenyewe ikiwa motoni, nami nilikuwa nimeona moto mmoja tu. Ile hofu haikuondoka kwa hoja.

Mara ya mwisho aliponiuliza, nilimsomea habari za Petro. Bwana alikuwa amemwambia kwamba Shetani amewataka apate kuwapepeta kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike" (Luka 22:32). Hakumwahidi kwamba hatapepetwa. Usiku ule Petro alisimama akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, akamkana mara tatu. Neno la Kiyunani kwa moto huo wa makaa linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya: pale uani, katika Yohana 18, na ufuoni mwa bahari ya Tiberia, katika Yohana 21, ambapo Yesu mfufuka aliuwasha mwenyewe, akaweka samaki juu yake na mkate, akawaita waje wale. Kisha akampima Petro mara tatu, mbele ya moto wa namna ile ile. Petro, ambaye zamani alijithibitisha mwenyewe kwa kusema wengine wote wakikimbia yeye hatakimbia, sasa hakutaja uthabiti wake. Alihuzunika, akasema, "Bwana, wewe wajua yote, wewe umetambua ya kuwa nakupenda." Akaambiwa, "Lisha kondoo zangu."

Ndugu yule alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudi nyuma nimsomee tena pale penye makaa.